Jinsi ya kukielewa chama cha Whig na marais wake wanne bila kuchanganya mafaili

Kama umewahi kupitia orodha ya marais wa Marekani ukafika pale kati ya Andrew Jackson na Abraham Lincoln ukaona majina yanapita tu, Harrison, Tyler, Polk, Taylor, Fillmore, halafu baada ya dakika kumi hukumbuki hata mmoja alifanya nini, basi karibu, mimi mwenyewe nilikwama hapohapo muda mrefu. Tyler na Taylor ndo kabisaa, kila siku nawabadilisha. Nilichokuja kugundua ni kwamba nilikuwa nakosea mwanzo, nilikuwa naanza na marais. Whig ukianza na marais wake hutakielewa kamwe, maana hiki ni chama kilichoundwa na watu waliokuwa wanaamini rais hatakiwi kuwa na nguvu nyingi. Anza na mtu waliyekuwa wanamchukia, wengine watajipanga wenyewe.

Mtu huyo ni Jackson. Chukua karatasi, andika jina lake juu kabisa, chini yake andika 1832 na 1833. Mwaka 1832 Kongresi ilipitisha muswada wa kuiongezea muda Benki ya Pili ya Marekani, Jackson akaupiga veto, yaani akatumia mamlaka ya rais kuukataa, na hakusema tu kwamba ni kinyume cha katiba, akaongeza kwamba benki inawanufaisha matajiri na kumkandamiza mtu wa chini. Wananchi wakampenda, wakamrudisha madarakani. Mwaka 1833 akaenda mbali zaidi, akaamua pesa za serikali zisiwekwe tena kwenye hiyo benki, zipelekwe kwenye benki za majimbo alizozichagua yeye. Waziri wake wa fedha akagoma, akamfukuza, akaweka mwingine anayekubali. Hapo ndo kimeumana. Seneti mwaka 1834 ikampitishia azimio la kumlaani rasmi, na wapinzani walishaanza kumchora kwenye vikatuni amevaa taji na joho la kifalme, mkononi kashika veto, miguuni anaikanyaga katiba. Mfalme Andrew wa Kwanza, ndo walivyomwita.

Ukishaelewa hicho kikatuni umeshaelewa na jina la chama. Uingereza Whig walikuwa wale wanaopinga mfalme kujiongezea madaraka, na wakati wa mapinduzi ya Marekani wale waliopigana na mfalme wa Uingereza nao walijiita Whig. Kwa hiyo Henry Clay, seneta wa Kentucky, na wenzake walipolichukua jina hilo mwaka 1834 walikuwa wanasema kitu kimoja tu, mfalme amerudi, na sisi ndo tunaopambana naye. Kidogo wanatia chumvi lakini jina lilikaa.

Sasa swali la pili la kujiuliza, nani waliingia humo ndani? Usilirukie hili, ndo litakalokueleza chama kilikufaje. Waliingia wafuasi wa Clay na wa rais wa zamani John Quincy Adams, wanaotaka serikali kuu ijenge uchumi. Waliingia watu wa chama cha kupinga Freemason, wengi wa kaskazini. Na wakaingia wenye mashamba wa kusini ambao Jackson aliwatibua alipotishia kutumia jeshi dhidi ya South Carolina baada ya jimbo hilo kukataa ushuru wa serikali kuu. Yaani ndani ya nyumba moja kuna anayetaka serikali kuu iwe na misuli na kuna anayeogopa serikali kuu kama ugonjwa, kuna anayechukia utumwa na kuna anayemiliki watumwa. Kilichowaweka pamoja ni kumchukia mtu mmoja, na mtu huyo muhula wake unaisha 1837.

Sera walikuwa nazo, tusiwaonee. Clay aliuita mpango wake Mfumo wa Kimarekani: ushuru mkubwa kwa bidhaa za nje ili viwanda vya ndani vikue, benki ya taifa ya kutuliza sarafu, na pesa za serikali zijenge barabara na mifereji. Vitu vitatu, vishike. Na juu ya hivyo imani kwamba Kongresi ndo inaongoza nchi, rais asubiri, na veto aitumie kwa nadra sana.

Sasa ndo tunakuja kwa marais, na hapa nakupa njia yangu. Andika hivi:

jenerali (Harrison), makamu (Tyler)
Polk, huyu sio wao
jenerali (Taylor), makamu (Fillmore)

Basi. Whig walishinda urais mara mbili tu, 1840 na 1848, mara zote mbili kwa kumsimamisha jenerali mzee, mara zote mbili jenerali akafia ofisini na makamu akaingia. Katikati ni James Polk wa Democratic, chama cha Jackson, 1845 mpaka 1849. Whig ni Machi 1841 hadi Machi 1845, halafu Machi 1849 hadi Machi 1853, jumla miaka minane kwa marais wanne. Na kuhusu Tyler na Taylor, Taylor ana A ya askari, Tyler hana A na (utaona mbele) hana chama. Tangu nilipoishika hiyo sijawachanganya tena.

Kabla ya Harrison pita haraka 1836. Whig hawakuwa na mgombea mmoja, walisimamisha watu kadhaa kwa kanda, Harrison, Hugh White wa Tennessee na Daniel Webster wa Massachusetts, na South Carolina ikampa kura zake Willie Mangum. Wengi wanaielezea kama mbinu ya kugawanya kura za wajumbe (kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, na hao ndo wanaomchagua rais) ili asipatikane wa kupita nusu na uamuzi uende Baraza la Wawakilishi. Mimi naona ni zaidi ya hapo, hawakuwa na uwezo wa kukubaliana hata wangetaka. Martin van Buren, mtu wa Jackson, akapita na kura 170. Mwaka uliofuata uchumi ukaanguka, benki zikafunga madirisha, na Van Buren ndo akabebeshwa zigo lote.

1840 sasa. Hii isome taratibu maana ni tamu. Clay alijua zamu ni yake, amekijenga chama, nani mwingine? Mkutano mkuu uliokaa Harrisburg, Pennsylvania, Desemba 1839 ukampiga chini ukamchukua William Henry Harrison, jenerali aliyepigana na Wahindi Wekundu kwenye mapigano ya Tippecanoe mwaka 1811. Makamu akapewa John Tyler wa Virginia, aliyekuwa Democratic akamkimbia Jackson, ili kusini wafurahi. Gazeti moja la upande wa Democratic likamdhihaki Harrison kwamba ukimpa pipa la pombe ya tufaha na pensheni kidogo mzee huyu atakaa zake kwenye kibanda cha magogo aridhike. Whig wakaidaka hiyo dhihaka wakaifanya kampeni nzima! Vibanda vya magogo vikajengwa mijini, pombe ya tufaha ikamwagwa bure, watu wakasukuma mipira mikubwa kutoka mji hadi mji, nyimbo kila kona, kaulimbiu Tippecanoe na Tyler pia. Mbunge mmoja wa Whig, Charles Ogle, alihutubia bungeni akimsema Van Buren kwa kuishi Ikulu kama mwana wa mfalme. Ukweli wenyewe? Harrison kazaliwa kwenye shamba kubwa la familia Virginia, baba yake alitia saini Tangazo la Uhuru, na Van Buren ndo mtoto wa mwenye baa ya kijijini. Lakini nani alikuwa anauliza, Harrison alipata kura za wajumbe 234 kwa 60.

Harrison akaapishwa tarehe 4 Machi 1841 akiwa na miaka 68, akasimama kwenye baridi akahutubia karibu saa mbili, maneno zaidi ya 8,000, hakuna hotuba ya kuapishwa iliyowahi kuwa ndefu kuliko hiyo. Tarehe 4 Aprili kafariki. Siku 31. Kila mtu utamsikia anasema ni ile hotuba ya baridi ilimuua, na wewe ukirudia hivyo mtu aliyesoma anaweza kukukamata, kwa sababu aliugua wiki kadhaa baadaye, madaktari wake walisema nimonia, na watafiti wa karibuni wanaona inawezekana zaidi ilikuwa homa ya tumbo kutokana na maji machafu ya Ikulu. Andika tu "kafariki baada ya mwezi" utakuwa salama.

Hapa kaa na Tyler, maana ndiye anayekuonyesha chama hiki kilikuwa na ufa wapi. Kwanza hakuna aliyejua makamu anakuwa nini rais akifa, ilikuwa haijawahi kutokea. Katiba haikuwa wazi, wengine wakasema ni kaimu tu. Tyler akala kiapo, akasema mimi ni rais kamili, barua zilizoandikwa "kaimu rais" anazirudisha hazijafunguliwa. Wapinzani wakawa wanamwita rais wa ajali. Lakini msimamo wake ndo uliofuatwa na makamu wote waliofuata, mpaka marekebisho ya 25 ya katiba mwaka 1967 yakaandika wazi. Kwa hiyo mtu akikuambia Tyler hakuacha kitu, hilo lipo.

Halafu shughuli yenyewe. Whig wana Ikulu, wana Kongresi yote, Clay anaitaka benki yake. Kongresi ikapitisha muswada wa benki, Tyler veto, Agosti 1841. Umati wa Whig wenye hasira ukaenda Ikulu usiku kupiga kelele na kuchoma sanamu ya rais wao wenyewe. Wakarekebisha, wakapitisha tena, Septemba, veto tena. Fikiria sasa, chama kilichozaliwa kwa kuchukia veto kinapigwa veto mbili na rais wake ndani ya wiki chache! Tarehe 11 Septemba mawaziri wote wakabwaga manyanga isipokuwa Webster, aliyekuwa Wizara ya Mambo ya Nje na mazungumzo ya mpaka na Uingereza mkononi, na siku mbili baadaye Tyler akafukuzwa chama. Rais aliye madarakani hana chama. Mwaka 1843 kuna Whig waliojaribu kuanzisha mchakato wa kumng'oa, hoja ikaangushwa bungeni kwa kura 127 dhidi ya 83. Fahali wawili hawakai zizi moja, na huyu Clay alikuwa hataki hata fahali mwingine apite nje ya zizi, kwa hiyo lawama zote usimtupie Tyler peke yake. Walimweka makamu bila kumuuliza anaamini nini, walitaka kura za kusini tu, wakavuna walichopanda.

Kitu cha mwisho cha Tyler ni Texas, iliyokuwa nchi huru yenye utumwa, alitia saini azimio la kuichukua siku chache tu kabla ya kutoka Ikulu Machi 1845. Na Texas ndo iliyomuua Clay kisiasa. Mwaka 1844 hatimaye Clay kapata tiketi ya Whig, anapambana na Polk anayesema Texas iingie. Clay alianza kwa kupinga, halafu kuona kusini wananuna akaandika barua za kulegeza, kaskazini nao wakaona huyu anayumba. Polk akapita kwa kura za wajumbe 170 kwa 105. Jimbo la New York peke yake lingebadilisha kila kitu, na Clay alilikosa kwa kura kama 5,000 za wananchi, wakati mgombea wa chama kidogo cha kupinga utumwa alipata pale zaidi ya 15,000. Kama unataka kuelewa Whig kwa namba moja tu, chukua hiyo ya New York. Kaskazini palikuwa na watu ambao hawako tayari tena kumeza suala la utumwa kwa ajili ya chama.

Polk akaingia vitani na Mexico 1846, Whig wakaipinga, akiwemo mbunge kijana wa Illinois anaitwa Abraham Lincoln aliyedai Polk aonyeshe ni sehemu gani hasa ya ardhi damu ya Wamarekani ilimwagika. Halafu vita ilipoisha Whig wakamsimamisha nani? Jenerali wa vita hiyohiyo. Haya bwana.

Zachary Taylor alikuwa hajawahi kupiga kura maishani mwake. Inasimuliwa kwamba barua ya kumjulisha ameteuliwa ilikuja haijalipiwa stempu, mzee akakataa kuilipia, ikakaa. Anamiliki watumwa zaidi ya mia, kusini wakaona huyu ni wetu. Kaskazini wakapewa makamu, Millard Fillmore wa New York. Democratic nao walipasuka, Van Buren akatoka na chama cha Free Soil kilichopinga utumwa kuenea kwenye ardhi mpya, Taylor akapita 163 kwa 127. Tarehe 4 Machi 1849 ilikuwa Jumapili, akakataa kuapa siku ya ibada, akaapa Jumatatu.

Na hapa wote walipigwa butwaa, maana mwenye watumwa huyu akasema California na New Mexico, ardhi iliyotoka Mexico, ziingie kama majimbo moja kwa moja, maana yake zingeingia bila utumwa. Kusini wakawaka. Clay, mzee sasa, akaja na kifurushi cha maridhiano Januari 1850, Taylor akakikataa. Nchi imesimama hivyo, inafika tarehe 4 Julai 1850, jua kali, Taylor anahudhuria sherehe kwenye mnara wa Washington, anarudi anakula matunda na maziwa baridi, tumbo linamkamata, tarehe 9 kafariki. Uvumi wa sumu ukadumu mpaka mwaka 1991 mwili ukafukuliwa ukapimwa arseniki, hakuna kitu.

Fillmore mfuatilie kwa jambo moja, 1850. Mawaziri wote wa Taylor waliondoka, akaweka wake, Webster akarudi Mambo ya Nje, na maridhiano yakapita vipande vipande mwezi wa Septemba: California ikaingia bila utumwa, biashara ya watumwa ikapigwa marufuku mji mkuu Washington, na kusini wakapewa sheria mpya ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Hiyo sheria isome vizuri. Mtu akishikwa akidaiwa ni mtoro haruhusiwi kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, anayemficha anapigwa faini mpaka dola 1,000 na jela mpaka miezi sita, na kamishna anayesikiliza kesi analipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani lakini dola 5 akimwachia. Fillmore akatia saini. Alisema anachukia utumwa, naamini alichukia, lakini sheria aliitia saini, na kaskazini hawakumsahau. Chekesho chungu ni kwamba huyu ndo aliyezaliwa kwenye kibanda cha magogo cha kweli, sio cha kampeni, na kibanda chake hakuna aliyekiimbia.

Kifo cha chama sasa ni rahisi kukifuata. Baltimore, Juni 1852, mkutano mkuu unapiga kura mara 53. Kusini wanamtaka Fillmore, kaskazini wanamtaka jenerali mwingine, Winfield Scott, Webster kashikilia kura chache zake. Kura za Fillmore na Webster zikijumlishwa zinatosha kumaliza, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake, Scott akapita. Clay akafa Juni hiyohiyo, Webster Oktoba. Novemba Scott akaambulia majimbo manne kati ya 31, kura 42 kwa 254 za Franklin Pierce. Mwaka 1854 ikaja sheria ya Kansas na Nebraska iliyofungua milango ya utumwa kule kulikofungwa tangu 1820, kwenye Baraza la Wawakilishi Whig wa kaskazini wote wakaipinga, wa kusini wengi wakaikubali, na hakukuwa tena na chama cha kuongelea. Wengine wakaenda Republican iliyoanza mwaka huohuo, wengine kwa wale wa kupinga wahamiaji waliojulikana kama Hawajui Kitu, kwa sababu wakiulizwa kuhusu siri zao walijibu sijui kitu.

Kabla hujaiweka karatasi kando cheki sehemu ambazo watu huteleza. John Quincy Adams alikuwa rais kabla Whig hakijazaliwa, alikuja kuwa Whig akiwa mbunge, usimhesabu. Lincoln alikuwa Whig miaka mingi, akamlilia Clay kwa hotuba ndefu Springfield mwaka 1852, lakini urais aliupata kama Republican. Benjamin Harrison wa 1888 ni mjukuu wa yule wa siku 31, naye ni Republican. Tyler alifariki 1862 akiwa amechaguliwa kwenye bunge la majimbo ya kusini yaliyoasi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeneza lake likafunikwa bendera ya waasi. Na Fillmore ukimkuta kwenye matokeo ya 1856 usishtuke ukadhani Whig kimefufuka, aligombea kwa tiketi ya wale Hawajui Kitu, mabaki ya Whig wakamuunga mkono, akashinda jimbo moja tu, Maryland, kura nane.